Njia panda ya Mai Mahiu yahitaji kupangwa upya

Barabara ikipanuliwa pasipo kupangwa mahali pa kusimama, kinachopanuka ni msongamano. Nalisema hili mapema kwa kuwa mradi wa barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, unajumuisha pia kilomita 58 za barabara ya chini, ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa, ikapita Mai Mahiu na kuishia Naivasha. Mengi yamenenwa kuhusu fedha, kuhusu mkataba wa mwaka 2020 na kampuni za Ufaransa uliovunjwa, na kuhusu ada iliyotangazwa ya shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo. Machache mno yamenenwa kuhusu mji utakaopitiwa.

Asiyepata kufika Mai Mahiu aelewe kwamba si mji mkubwa. Jina lake kwa Kigikuyu lina maana ya maji moto. Umekaa chini ya mteremko, ukuta wa bonde ukiwa nyuma yake na mlima Longonot ukiwa mbele, na hapo ndipo barabara inapogawanyika: mkono mmoja waenda Naivasha, Nakuru, hata Uganda, mwingine waenda Narok, Bomet na Kisii, na ndio pia uwapelekao watalii Maasai Mara. Barabara yenyewe ya mteremkoni ilichongwa na mateka wa vita wa Kiitaliano, ambao kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali kando ya njia. Wakati huo hapakuwa na trela za makasha. Reli ya kisasa ilipofika Suswa Oktoba 2019, na hasa serikali ilipoagiza mwaka 2020 kwamba mizigo ya nchi jirani ichukuliwe katika bandari kavu ya Naivasha, malori yaliongezewa sababu ya kuzunguka upande huu. Agizo hilo liliondolewa mwaka 2022, lakini bandari kavu ingalipo, na malori hayajaisahau njia.

Sasa tazama ni nani husimama Mai Mahiu. Dereva wa trela aliyeteremka kutoka juu huwasili na breki zilizochemka, naye lazima azipumzishe. Mwenzake anayepanda huyakagua magurudumu kabla ya kuukabili mlima. Utingo anatafuta chai na nyama. Abiria wa Kisii anatafuta choo. Matatu ya Narok inangoja ijae, na makanga wake amesimama katikati ya lami akiita. Hawa wote wana haki ya kusimama. Lakini wanasimama pale pale ambapo wengine, ambao hawana haja yoyote na mji huo, wanapita kwa kasi kwenda zao. Naye mchuuzi wa mahindi ya kuchoma, viazi na kabeji hakuchagua ukingo wa lami kwa ukaidi wake. Amemfuata mteja, na mteja yuko dirishani mwa gari.

Yamkini msomaji atasema kwamba huo ndio uhai wa miji yetu ya barabarani, na kwamba mwenye kulalamika ni mtu wa ofisini. Namwomba aikumbuke Londiani. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia katika njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho, likayapitia matatu, bodaboda, wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja magari kandokando. Watu zaidi ya 50 walikufa. Akumbuke pia Karai, karibu na Naivasha, Desemba 2016, ambako lori lililobeba shehena yenye kuwaka liliyagonga magari mengine palipokuwa na matuta, likalipuka, na watu zaidi ya 30 wakateketea. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba tuta ndilo dawa. Tuta huyarundika magari mahali pamoja, na lori lisiloshika breki huyakuta yamerundikana.

Baada ya Londiani, wizara ya uchukuzi iliagiza wachuuzi waondolewe katika hifadhi za barabara kote nchini. Agizo hilo lilitolewa kwa uchungu, nami siwalaumu waliolitoa. Ila kumwondoa mchuuzi pasipo kumwondoa mteja wake ni kumfukuza nzi na kukiacha kidonda. Magari yangali yanasimama palepale, na penye gari lililosimama kikapu cha machungwa hakikosi kutokea.

Msomaji asishangae nikimpeleka mbali kidogo. Katika bustani ya burudani ya Disney iliyofunguliwa Florida, Marekani, mwaka 1971, kuna uwanja wa katikati ambamo njia zote hukutania, mfano wa kitovu cha gurudumu. Mtindo huo ulianzia California mwaka 1955. Usiku watu husimama uwanjani humo kwa maelfu kutazama fataki, na mwenye kutaka kupita hukwama. Baina ya mwaka 2014 na 2015 wenye bustani waliujenga upya uwanja huo. Wangaliweza kuwakataza watu kusimama; walijua kwamba wasingetiiwa. Badala yake walitandaza viwanja vya nyasi kwa ajili ya watazamaji, wakazipanua njia za wapitaji, na wakatengeneza vijia vya nyuma ya maduka vya kupunguzia umati wakati wa kufunga.

Najua tofauti. Kule mtu hulipa kiingilio, hapana trela itokayo mlimani bila breki, wala hapana mama anayemlipia mwanawe karo kutokana na faida ya viazi. Lakini kanuni waliyoifuata haina uhusiano na utajiri: mpitaji apewe njia yake, na msimamaji apewe kiwanja chake, kisha kiwanja hicho kiwe kizuri kiasi kwamba hatatamani kusimama kwingine.

Mai Mahiu inahitaji mambo hayo hayo kwa sura ya kwetu. Malori yapewe maegesho mawili. Moja liwe upande wa wanaoteremka, kabla ya soko na si baada yake, maana lori lenye breki dhaifu halifai kulivuka soko ndipo lipate pa kupumzika. La pili liwe upande wa wanaopanda, ili asiwepo dereva wa kukata barabara nzima kwa ajili ya kikombe cha chai. Matatu na mabasi yaingie kituo cha ndani, na magari ya watalii vivyo hivyo. Vibanda vya soko vigeuzwe, mgongo uelekee barabara kuu na mlango uelekee kituo, ili mchuuzi amwone mteja akishuka garini kwa utulivu. Kwa maoni yangu hili la kugeuza vibanda ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote, nalo ndilo litakalosahauliwa kwanza.

Kusahauliwa huko kuna sababu. Barabara kuu ni mali ya serikali ya kitaifa, kupitia kwa Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA). Soko, maegesho na kituo cha matatu, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni majukumu ya kaunti. Mhandisi wa barabara huchora lami hadi ukingo wa hifadhi, kalamu yake ikakoma hapo. Ofisa wa kaunti huanzia kwenye kibanda akakusanya ada ya siku. Ule utepe wa vumbi ulio baina ya lami na kibanda, ambao ndio watu wanaosimamia na ndio wanaofia, hauna mwenyewe. Tumekwisha kuliona hilo kwenye barabara ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012 kwa sifa tele. Haukupita muda Githurai ikawa steji na soko kando ya barabara ya kasi, na watu wakaendelea kuivuka kwa miguu. Lami ilikuwa imekamilika, lakini mahali pa kusimama hapakuwa pamefikiriwa vya kutosha.

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji ramani wa Nairobi hawapaswi kulichukulia kwa wepesi, nalo ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, baada ya mfereji wa chini ya tuta hilo kuzibwa na takataka na udongo, yalipasua na kukishukia kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Na mwezi Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa, ikaikata barabara ya Narok baada ya mvua kubwa. Udongo wa huku ni wa majivu ya volkano. Maji yakikusanywa mahali pamoja huuchimba kama sukari. Ukitandaza lami ya kuegesha malori mia chini ya mteremko, umetengeneza paa kubwa lisilo na mfereji. Kabla ya lori la kwanza kuegeshwa, ijulikane maji ya kiwanja hicho yatapita wapi na yataishia shambani mwa nani.

Nachelea pia kwamba vituo vya mapumziko vitakavyojengwa pamoja na barabara ya kulipia vitakuwa vya wenye mitaji pekee, kuta zikiwa za vioo, na kwamba mchuuzi ataambiwa mahindi yake yanatoa moshi. Nafasi za wadogo ziandikwe kwenye mkataba kwa idadi na kwa vipimo, ada yake ikitajwa, wala zisiachiwe huruma ya meneja atakayekuja.

Mwisho, nawaomba wahandisi watakaokwenda kuhesabu magari wasiende Jumanne asubuhi. Siku hiyo Mai Mahiu huonekana ni mji mpole. Waende wiki ya Krismasi, Nairobi inapohamia mashambani na foleni ikaanza mteremkoni. Kisha warudi Agosti, nyumbu wakiwa Mara na magari ya watalii yakiwa mlolongo. Wahesabu waliosimama kama wanavyohesabu wanaopita, na orodha zote mbili zibandikwe kwenye ofisi ya chifu ili wenyeji wazisome kabla mchanga haujamwagwa.