MALEZI UGENINI: Kusikia si Kuelewa



Katika karamu ya Idi tuliyohudhuria hapa Uingereza, alikuwapo mtoto wa miaka saba aliyepandikizwa chombo cha kusikia. Ukumbi ulijaa gumzo na milio ya sahani. Watu walimwita kwa nyuma, asigeuke. Mmoja wetu akasema mbele ya mama yake, "Kumbe ile operesheni haikufaa kitu." Mama akainamisha kichwa. Kosa lilikuwa letu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Chombo hicho, implanti ya koklea, kina sehemu mbili. Ya nje huvaliwa nyuma ya sikio; huipokea sauti kwa maikrofoni, huichambua, kisha huipitisha katika kipande kinachoshikwa kichwani kwa sumaku. Ya ndani imetiwa chini ya ngozi kwa upasuaji. Hiyo huigeuza sauti kuwa umeme mdogo na kuupeleka kwa waya mwembamba hadi ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa mfano wa nyumba ya konokono. Hapo neva ya kusikia huamshwa, na habari ikafika kwenye ubongo.

Elimu hii imekwenda mbele kwa hatua. Mwaka 1978 Profesa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza chombo chenye elektrodi nyingi. Mwaka 1991 Blake Wilson na wenzake wa Marekani walitangaza njia ya kuzitia umeme elektrodi hizo kwa zamu, ili wa moja usiingiliane na wa jirani yake. Kwa njia hiyo wengi walianza kuyatambua maneno vizuri zaidi.

Hata hivyo, sikio zima lina chembe za ndani za kupokea sauti zipatazo 3,500, ilhali waya wa chombo una elektrodi 12 hadi 22 tu, kwa kadiri ya mtengenezaji. Penye utulivu hizo hutosha watu wengi kuelewa usemi. Penye makelele, sauti ya anayesema haitengani na sauti za wengine. Yule mtoto alisikia. Alichokosa ni kutambua lipi ni jina lake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuzime televisheni tunapozungumza naye. Tumkalishe mgongo wake ukiwa ukutani, tumkaribie, tuseme uso kwa uso kwa sauti ya kawaida. Kupiga ukelele huyaharibu maneno.

Pili, tumuulize mtaalamu wa usikivu kuhusu maikrofoni ndogo ambayo mwalimu huivaa kifuani, nayo huipeleka sauti yake moja kwa moja kwenye chombo. Hiyo hufaa shuleni, na hufaa vilevile chuoni ambako watoto husoma kwa pamoja.

Tatu, chombo kivaliwe kutwa, na miadi ya kukirekebisha isikosekane. Kwa mabinti, mtandio mzito usifunike maikrofoni.

Nne, ubongo hujifunza kwa mazoezi. Tuweke picha mbili mezani, tufiche mdomo, tutaje moja, mtoto aionyeshe. Tuanze na maneno yaliyo mbali, kama ndizi na tembo. Tufike kwenye yaliyo karibu, kama pete na kete. Dakika chache kila siku hufaa kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Tano, wako wazazi wanaokiacha Kiswahili wakihofia kumchanganya mtoto. Watoto wenye chombo hiki wameweza kujifunza lugha mbili. Wanachohitaji ni maneno mengi, yaliyo kamili, kutoka kwa wanaowapenda. Mzazi na amsemeshe mwanawe kwa lugha aijuayo barabara. Bibi naye aendelee kumpigia "Paukwa!", amngojee hadi aitike "Pakawa!"

Idi ijayo mtoto huyo atakuja tena, inshallah. Atakayetaka kumsalimu na amwendee mbele, amguse bega taratibu, atulie mpaka atazamwe, ndipo aseme. Na mama yake tumwombe radhi.

Wabillahi tawfiq.