Mizani Mbili za Wakaao Ugenini

Liko neno lituudhilo sisi tukaao Ulaya, nalo twataka kulisema wazi. Wapo wenzetu ambao husifu kila sikukuu ya wenyeji wao, wakiiita utamaduni, walakini warudipo kwao, wakisikia ngoma ya babu zao, huziba masikio na kusema, "Huu ni ushenzi." Hao wanapima kwa mizani mbili.

Tutazame mji wa Basel, katika Uswisi. Kila mwaka, Jumatatu ifuatayo Jumatano ya Majivu, saa kumi alfajiri, taa za njiani katikati ya mji huzimwa zote. Mara ngoma na filimbi hulia pamoja gizani, na watu wenye vinyago usoni hupita polepole na taa kubwa zilizochorwa picha za kuwacheka wakubwa na mambo ya mwaka uliopita. Usiku waimbaji huingia katika nyumba za chakula na kuimba mashairi ya kejeli, wala mwenye cheo hasazwi. Baada ya saa 72 kamili, mambo yote huisha. Tena mji huo uliyapokea Matengenezo ya Kanisa tangu mwaka 1529, wala haukuitupa ngoma yake. Mwaka 2017 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi twauliza, tofauti i wapi? Ikiwa ni vinyago, Wamakonde wanavyo. Ikiwa ni nyimbo za kushindana, Wasukuma wanazo, Bagika kwa Bagalu. Na pale Bujora, karibu na Mwanza, huchezwa katika Bulabo, sherehe iliyofungamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Wala kanisa la Bujora halikuanguka.

Watatujibu, "Ngoma za kwetu zina ulevi na ugomvi." Naam, ziko zenye ulevi, nasi hatuutetei. Lakini hata Basel watu hunywa usiku kucha, wala hakuna asemaye ngoma ivunjwe. Dawa yake ni utaratibu. Huko saa ya kuanza na saa ya kuisha zajulikana. Mtazamaji havai kinyago wala hajipaki rangi usoni. Hununua beji ndogo ili kusaidia gharama, husimama kando, na kuwapisha wapigaji. Nao wapigaji hawaokotwi njiani: hufundishwa ngoma na filimbi tangu utoto, kwa miaka mingi.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje ikiwa wa kwao wanamwonea haya? Enyi wazazi na walimu, wafundisheni watoto ngoma za kwenu, wekeni saa na sheria, ondoeni pombe. Na wewe ndugu ukaaye ugenini, ukiisifu ngoma ya Basel, isifu na ya kwenu. Ukiulaumu ulevi wa kwenu, ulaumu na wa Basel.