Tuwakumbuke Masista, Lakini kwa Kipimo Gani?

Ukishuka pantoni kutoka Kigamboni, ukaliacha soko la samaki la Feri na kuifuata barabara ya pwani kuelekea Posta, utapita Kanisa la Kilutheri la Azania Front, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yamesimama Kivukoni tangu enzi za Wajerumani. Muulize muumini anayetoka ibadani ni nani walioanzisha kazi ya kanisa katika mji huu, atakutajia maaskofu na mapadre. Ukimwomba jina la mwanamke mmoja tu, atakuna kichwa.

Siku hizi somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia shuleni, na mjadala wa nani aandikwe na nani aachwe umeamka upya. Wanawake wa Kikristo waliouguza, kufundisha na kulea yatima katika pwani hii wana haki ya kuingia humo? Nasema wanayo, ila si kwa sababu walikuwa wacha Mungu, wala si kwa sababu baadhi yao waliuawa.

Tuanze na waliouawa. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1888, wanaume kwa wanawake, wakajenga kituo Pugu. Watoto waliotolewa utumwani walipata makao pale. Tarehe 13 Januari 1889, vita vya Abushiri vikiwa vimepamba moto, kituo kilivamiwa. Sista Martha Wansing aliuawa pamoja na mabruda wawili. Sista Benedicta Sievers alichukuliwa mateka, akaachiwa baada ya fidia kulipwa. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert walikufa safarini kusini wakiwa na Askofu Cassian Spiss wa Dar es Salaam. Leo ukitaja Pugu, watu humkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefundisha pale, au mnada wa ng'ombe. Wanaomkumbuka Sista Martha ni wachache, wengi wao mahujaji.

Kanisa linawaita mashahidi wa imani, na lina haki hiyo. Mwanahistoria anabanwa na swali jingine: waliovamia Pugu walikuwa wanapigana na nani? Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kushika forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Bendera zilishushwa, nyingine zikapandishwa, watu wakadharauliwa mbele ya nyumba zao. Kwa mpiganaji wa mwaka ule, mzungu wa forodhani na mzungu wa misheni walikuja kwa meli zilezile na kuzungumza lugha ileile. Sista hakuwa na bunduki, lakini hakufika katika nchi isiyo na bunduki. Anayesimulia habari ya Pugu na kuiruka habari ya forodha anasimulia nusu.

Mambo yalivyochanganyika unayaona vizuri kwa Frieda von Bülow. Mwandishi huyu wa riwaya, mtu wa karibu wa Carl Peters, mwanzilishi wa kampuni ile ya Kijerumani, alikuja Zanzibar mwaka 1887 kuanzisha huduma ya uuguzi. Kwake yeye taifa la Ujerumani ndilo lililotangulia. Miaka kumi baadaye, 1897, hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa ufukweni Dar es Salaam, ikiwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara Mwislamu wa asili ya Kihindi. Hapo ndipo ninapokipata kipimo changu. Uuguzi wenyewe hautoshi kumpa mtu heshima. Nani alipewa kitanda, na nani alifundishwa kuuguza?

Kwa kipimo hicho, wa kwanza kupita ni wanawake ambao Dar es Salaam haiwajui kabisa. Mwishoni mwa 1860, kabla mji huu haujaanza kujengwa, masista wa shirika la Mabinti wa Maria walitua Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion. Utumwa ulikuwa umefutwa kule mwaka 1848, na shirika lao likaanzishwa mwaka uliofuata, likiwapokea hata wanawake waliokuwa watumwa. Basi miongoni mwa mizizi ya utawa katika pwani hii kuna wanawake walioijua minyororo kwa ngozi zao, si kwa kusoma vitabu. Walifungua hospitali Unguja, baadaye wakahudumu Bagamoyo.

Mikononi mwao ndipo alipopokelewa Swema, binti wa Kiyao aliyeuzwa utumwani, akaletwa Zanzibar na kuzikwa akiwa hai kwa sababu alionekana mzigo usiofaa tena. Aliokolewa, akapona. Masimulizi yanasema baadaye alimuuguza mmoja wa wanaume waliomtesa. Habari zake zilichapishwa Paris mwaka 1870, zikatoa machozi na bila shaka sadaka pia. Nasema "masimulizi yanasema" kwa makusudi, maana kalamu ilikuwa ya mapadre. Swema tunamsikia kwa sauti ya mtu mwingine, na hiyo ndiyo hali ya karibu wanawake wote wa Kiafrika katika historia hii.

Uganda walikwenda mbele zaidi. Mother Kevin, Mwairishi aliyefika Nsambya mwaka 1903, alianza zahanati chini ya mwembe. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista wa Kiafrika, na Nsambya ikawa mahali ambapo wasichana wa Kiafrika walisomea uuguzi na ukunga. Alipofariki Marekani mwaka 1957 na kuzikwa Ireland, Wakatoliki wa Uganda walidai mwili wake, ukaletwa kuzikwa Nkokonjeru. Hakuna aliyewalazimisha, na uhuru ulikuwa unabisha hodi. Sijui ushahidi mzito kuliko huo kwamba waliohudumiwa walimhesabu kuwa wao.

Wapo watakaosema hizi ni habari za kanisa, zibaki kanisani. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kazi yenyewe ingebaki kanisani. Baada ya Azimio la Arusha shule nyingi za misheni zilitaifishwa, zikawa za watoto wote. Tangu makubaliano ya 1992 kati ya Serikali na makanisa, fedha za umma zinaingia katika hospitali za makanisa, na wapo Waislamu ambao hawajaacha kuyahoji makubaliano hayo. Panapoingia kodi ya mfanyabiashara wa Kariakoo, naye ana haki ya kuijua historia yote ya kazi hiyo, tamu na chungu. Kumkumbuka Sista Martha hakumpunguzii kitu Sewa Haji, wala Bibi Titi Mohamed ambaye barabara yake inapita jirani.

Ila lawama ya kuwasahau wanawake hawa haiwezi kuishia kwa wizara na halmashauri ya jiji. Fungua kijitabu cha jubilei cha parokia au usharika wowote. Kuna orodha ya viongozi tangu wa kwanza, na picha zao. Akina mama wanapata aya moja, wakishukuriwa kwa upishi na usafi. Mkunga aliyezalisha mtaa mzima, mwalimu wa ukatekumeni, mjane aliyelea yatima wa jumuiya hadi wakaoa: hao wamo vichwani mwa wazee wachache waliobaki, na wazee hawangoji.

Kamati yoyote inayoandaa jubilei sasa hivi, mjini au kigangoni, isipeleke kitabu kwa mpiga chapa kabla haijakaa na wazee hao na kuandika majina kamili ya wanawake hawa, kazi waliyoifanya na mwaka walioianza.