HISA ZA DHAHABU: NANI ABIRIA, NANI NAHODHA?

Wanachama wetu wa Buzebazeba wanauliza: je, ni vema mtu mwenye akiba kidogo anunue hisa za kampuni za dhahabu, maadamu migodi imeingia mikono mipya? Swali hili ni la maana, nasi twalijibu bila kificho.

Kwanza tukumbuke yaliyopita. Mwaka 1999 Barrick ya Kanada iliinunua kampuni ya Sutton, ikaupata mgodi wa Bulyanhulu. Mwaka 2010 migodi yake ya Tanzania iliwekwa chini ya kampuni moja iliyouza hisa London, na mwaka 2011 hisa hizo zikaandikishwa pia katika soko la Dar es Salaam. Baadaye kampuni hiyo ikaitwa Acacia. Mwaka 2017 Serikali ilizuia makinikia yasitoke nchini, ikadai kodi, na sheria ikaipa nchi hisa zisizopungua 16 katika kila 100 bila kulipa senti.

Septemba 2019 Barrick ilichukua hisa zote za Acacia ambazo haikuwa nazo. Acacia ikaondolewa sokoni. Mwenye hisa 1,000 alipewa hisa 168 za Barrick, na hata aliyekataa alifungwa na kura ya walio wengi. Basi mwananchi aone: mnunuzi mdogo ni abiria tu, kasia halimo mkononi mwake.

Kwa hiyo twasema hivi. Asiuze mtu nyavu wala mashine ya mtumbwi ili anunue hisa. Atumie fedha ambayo hata ikizama watoto hawatalala njaa, na apitie kwa dalali mwenye kibali cha Serikali. Na yeyote atakayekuja Kibirizi kuahidi kwamba fedha itazaa maradufu kila mwezi kwa dhahabu, huyo ni mwizi.

Lakini iko hisa nyingine, ambayo kila mmoja wetu anayo tayari, naye muuza dagaa anayo. Januari 2020 Serikali na Barrick zilitia sahihi mapatano ya kampuni ya Twiga: 84 zao, 16 zetu. Oktoba mwaka huo lilitangazwa gawio la kwanza, dola milioni 250, na Serikali ikapata milioni 40. Mapatano yanasema pia kwamba manufaa ya migodi, pamoja na kodi na mrabaha, yagawanywe nusu kwa nusu. Nusu hiyo inapimwaje? Nani anaihesabu? Mwenye mali asiyesoma daftari lake ni mwenye mali kwa jina tu.

Watu wa Ujiji wanalijua jambo hili kuliko wengi. Pembe za ndovu zilipita hapa kwa maelfu kwenda pwani na ng'ambo. Waliotajirika walikuwa mbali, nasi tukabaki na kivuli cha miembe ya misafara. Dhahabu isituachie miembe tena.

Yatupasa basi kila tawi limwulize Mbunge wake: hesabu za Twiga zisomwe hadharani, kila mwaka, kwa Kiswahili, hata mzee wa Buzebazeba azielewe. Kuuliza si uchochezi. Ni haki ya mwenye hisa.

Mali ya nchi, hesabu kwa wananchi!