Miguu ya Mtoto Mwenye Kisukari Ikaguliwe Handeni na Korogwe

Kila ifikapo Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, wananchi husikia taarifa za upatikanaji wa insulini. Ni taarifa muhimu, kwa kuwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hawezi kuishi bila dawa hiyo. Hata hivyo, kwa familia za Handeni na Korogwe lipo jambo jingine linalostahili kutangazwa: uharibifu wa mishipa ya fahamu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huidhuru mishipa hiyo, aghalabu ikianza na ile mirefu inayofika nyayoni. Kwa watoto, madhara huanza kimya. Vipimo huyabaini kabla mtoto hajalalamikia ganzi. Aliyepoteza hisia aweza kukanyaga mwiba njiani kwenda shuleni asijue, hadi kidonda kitunge usaha.

Miongozo ya kimataifa ya kisukari cha watoto huelekeza uchunguzi uanze katika umri wa miaka 11, mtoto akiwa ameishi na ugonjwa kwa miaka 2 hadi 5. Vifaa vyake ni vyepesi: uzi wa nailoni wenye mgandamizo wa gramu 10 unaogusishwa nyayoni, na uma wa chuma unaotetemeshwa na kuwekwa kwenye kidole gumba cha mguu. Dakika chache zatosha. Kwa hiyo, kipimo kinachoweza kufanyika Hospitali ya Magunga, Korogwe, au hospitalini Handeni, hakina sababu ya kumpeleka mzazi hadi Bombo, jijini Tanga, kupitia Segera na Muheza. Nauli hiyo ibaki kwa mtoto aliyekwisha kubainika kuwa na tatizo.

Kinga ndiyo ngumu zaidi. Utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 1983 hadi 1993, uliohusisha watu 1,441, ulionesha kuwa udhibiti makini wa sukari hupunguza madhara ya mishipa ya fahamu kwa takribani asilimia 60. Lakini washiriki waliowekwa kwenye udhibiti huo makini walipima sukari angalau mara 4 kwa siku. Kaya inayotegemea mahindi ya msimu itavipata wapi vipande vya kupimia vya kiasi hicho? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango. Vipande hivyo, sawa na insulini yenyewe, vinastahili kutajwa bayana kila kitita cha huduma kinapotangazwa.