Rufaa Haiponyi Dai Lililokosewa



Juma hili tuzungumze juu ya jambo linaloumiza jamaa nyingi. Mtu amenunua kitu akiambiwa ni halisi, kumbe ni cha bandia. Ameshtaki, ameshindwa, na sasa anataka kuuza mbuzi wake apate nauli ya kwenda mahakama ya juu. Je, afanye hivyo?

Watu wengi hudhani ya kuwa rufaa ni kuanza kesi upya mbele ya hakimu mwenye akili zaidi. Sivyo. Mahakama ya juu haiulizi, “Je, ulipunjwa?” Huuliza, “Je, mahakama ya chini ilikosea wapi?” Maswali hayo mawili hayafanani, na katika tofauti hiyo watu wengi wamepoteza fedha zao.

Tutazame kesi moja ya kweli, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1950. Wanasheria huiita kesi ya Leaf na International Galleries. Mwaka 1944 Bwana Leaf alinunua picha ya Kanisa Kuu la Salisbury. Wauzaji walimwambia kwamba imechorwa na John Constable, mchoraji mashuhuri wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1837. Akalipa pauni 85, akakaa nayo. Baada ya miaka 5 akataka kuiuza, akaipeleka kwa Christie's, wauzaji wa mnada huko London. Huko akaambiwa kuwa si kazi ya Constable. Akawarudia waliomwuzia, wasikubali kurudisha fedha. Basi akawashtaki.

Hakimu alikubali kwamba picha ile haikuchorwa na Constable. Alikubali pia kwamba wauzaji walisema neno lisilo la kweli, ijapokuwa hawakukusudia kudanganya. Hapo mtu angesema, “Amekwisha kushinda!” Lakini hakupata hata senti moja. Akakata rufaa, na majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, Jaji Denning akiwa mmojawapo, wakamkatalia vilevile.

Sababu ni nini? Ya kwanza ni muda. Aliyenunua kitu hupewa nafasi ya kukichunguza na kukikataa, lakini nafasi hiyo si ya milele. Akikaa nacho muda mrefu kupita kiasi, sheria husema amekwisha kukipokea. Miaka 5 ilikuwa mingi mno.

Ya pili ni dai lenyewe. Bwana Leaf aliomba jambo moja tu: mapatano yavunjwe, yeye arudishe picha, wao warudishe pauni 85. Hakudai fidia, yaani tofauti kati ya thamani ya picha ya Constable na thamani ya ile aliyopewa. Kesi ilipokuwa imekwisha kusikilizwa, aliomba ruhusa ya kuongeza dai la fidia, na hakimu akakataa. Juu ya kukataa huko hakukata rufaa. Mbele ya majaji watatu, mlango ule uliokuwa umebaki ulikuwa umekwisha kufungwa. Kumbe njia ya fidia ndiyo ingaliweza kumfaa!

Basi, hapo twaona maana ya ruhusa ya kukata rufaa. Siku hizi Uingereza, mtu aliyeshindwa katika madai ya namna hii hana budi kuomba ruhusa kwanza. Huiomba kwa jaji aliyemhukumu au kwa mahakama ya juu, na kwa kawaida hupewa siku 21. Hupewa ruhusa ikiwa rufaa yake ina tumaini la kweli la kushinda, au ikiwa iko sababu nyingine nzito. Kulia na kusema “nimeonewa” hakutoshi. Ni lazima aonyeshe kosa lenyewe.

Nasi Tanzania twahusika, kwa maana sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa iliigwa kutoka sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, ile ile iliyotumika katika kesi ya picha. Tuseme mkulima amenunua mbegu za mahindi, akashtaki katika Mahakama ya Mwanzo kuwa ni za bandia, akashindwa. Kwenda Mahakama ya Wilaya haombi ruhusa, ila rufaa iingie katika siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 tena. Lakini akitaka kufika Mahakama ya Rufani, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo lahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba iko hoja ya sheria inayostahili kuamuliwa. Mwaka 2023 sheria ilibadilishwa, ikaondoa ruhusa iliyokuwa ikitakiwa kwa madai yaliyoanzia mahakama nyingine. Cheti hicho hakikuondolewa. Kama mbegu zilikuwa za bandia au sivyo, hilo si hoja ya sheria. Hilo ni jambo la ushahidi, na mahali pake ni kule chini, siku ya kwanza.

Kwa hiyo akina baba na akina mama, yafaa kushika haya:

Kwanza, ombeni stakabadhi, na mfuko wenye lebo msiutupe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, mkigundua kasoro, mwambieni mwuzaji upesi, tena kwa maandishi au mbele ya shahidi. Msiendelee kukitumia kitu huku mkinung'unika nyumbani.

Tatu, mnapofungua madai, semeni yote mnayoyataka. Kama mwataka fedha zirudi, au zikishindikana mlipwe fidia, semeni yote mawili tangu mwanzo.

Nne, mkishindwa, ombeni nakala ya hukumu siku ile ile, mhesabu siku. Aliyechelewa huweza kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa kueleza kila siku aliyoikawia.

Tano, kabla ya kuuza mbuzi, mpeni mtu ajuaye sheria aisome hukumu. Mwulizeni swali moja: “Hakimu amekosea wapi?” Akiweza kuwaonyesha mstari wenyewe, nendeni. Akisema tu kwamba huenda jaji wa juu akawahurumia, rudini nyumbani na mbuzi wenu.

Bwana Leaf alikuwa na haki kuhusu picha yake, na hakuna jaji aliyemkanushia hilo. Alikosa fedha kwa sababu alichelewa, na kwa sababu hakuomba jambo lililomfaa wakati wake. Rufaa haikuweza kumrudishia wakati huo.