Kabla ya Kufuta Kontena

Jirani yangu hapa Nateete, mke wa askari, alitunza hesabu za chama cha akiba ndani ya kontena la Docker. Kompyuta ilipojaa, mwanawe akaandika docker container prune, akakubali, nazo hesabu zikatoweka. Amri hiyo hufuta kila kontena lililosimama, pamoja na yaliyoandikwa ndani yake.

Yafaa kwanza kuandika docker ps -a, uyaone yote, hata yaliyolala. Lisimamishe usilolitaka kwa docker stop, ambayo kwa kawaida hulipa sekunde 10 limalize kazi zake. Toa nakala ya hesabu kwa docker cp. Ndipo uandike docker rm na jina lake. Nyongeza ya -f huliua papo hapo, nami siipendi.

Jirani yangu angali anakusanya stakabadhi.